Nani ameshika daftari la wajane?

Somo la kwanza la Jumapili hii ya tano ya Pasaka linaanza na manung'uniko. Si manung'uniko ya wapagani dhidi ya Kanisa. Ni waamini wenyewe kwa wenyewe, tena hawagombanii mafundisho, wanagombania chakula. Luka hafichi jambo katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume: Kanisa limekua, watu wameongezeka, na wajane wa wale waliosema Kiyunani wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Hakuna aliyewaambia kwamba hawatakiwi. Walirukwa tu. Mgawaji alifika kwao kikapu kimekwisha, au jina halikuwapo, au walijieleza kwa lugha ambayo yeye hakuisikia vizuri.

Nimelihubiri somo hili mara nyingi, na kwa miaka mingi nililikimbiza ili nifike kwa Stefano na habari za ushemasi. Siku hizi nakwama kwa wajane. Nitakueleza sababu, ingawa si habari ninayopenda kuisimulia.

Wiki hii imetimia miaka 32 tangu tarehe 28 na 29 Aprili 1994, siku ambazo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, karibu wote katika muda wa saa 24 hivi. Wasomaji wa Kagera mnaokaribia umri wangu mnakumbuka. Walisimama Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kwa sababu palikuwa na bwawa. Muda si mrefu wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Zilifuata kambi nyingine, na kufikia mwaka 1996 Wanyarwanda katika mkoa wetu walikaribia nusu milioni, mbali na Warundi waliokuwa wamekimbia tangu kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993.

Mimi nilikuwa frateri. Likizo ya mwaka ule paroko alinituma nikasaidie katika mojawapo ya kambi hizo. Mama yangu ni Mhangaza, na Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo nilielewana na watu bila mkalimani. Nikapewa meza, kalamu na daftari. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha majina ya kaya na orodha zilizoletwa na viongozi wa wakimbizi wenyewe, kisha kuweka alama ili watu wapimiwe mahindi, maharage na mafuta.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto wawili. Mara ya kwanza alipofika, kiongozi wa upande wake alisema huyu si wetu, ametoka komini nyingine, aende kwa wenzake. Nilimwambia aende kwa wenzake. Mara ya pili alirudi, jibu likawa lile lile. Kiongozi yule alikuwa mtu mwenye adabu, shati safi, Kifaransa cha shule, na kila asubuhi aliniuliza nimelalaje. Yule mama hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba hana wenzake. Mara ya tatu hakuja mezani kabisa. Nilimwona pembeni, mahali magunia yalipofunguliwa, akiokota punje za mahindi zilizomwagika na kuzipepeta mchanga kwa mikono. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningeweza kuliandika jina lake. Nilimtazama kiongozi, naye akatabasamu, nami nikaita jina lililofuata.

Wiki iliyofuata hakuwapo. Sijui alikwenda wapi. Baadaye sana nilianza kuelewa maana ya mtu kusema hana wenzake katika kambi ile, mwaka ule.

Nisieleweke vibaya. Wengi wa waliogawa chakula Ngara walifanya kazi ya kishujaa. Na hapa niitaje haki moja ambayo watu wa Kagera hatupewi mara kwa mara. Julai 1994 watu wengi zaidi walikimbilia Goma, upande wa Zaire, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika wiki chache. Ngara haikufika huko, na sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu wa Tanzania na wengine walikuwa tayari wapo, na akiba ya vifaa ilikuwapo kwa ajili ya Warundi wa 1993. Katika Injili ya leo, Yohane sura ya 14, Yesu anawaambia wafuasi wake kwamba anatangulia kwenda kuwaandalia mahali. Tumezoea kuisoma kwenye mazishi. Waliookoka Ngara waliokolewa na watu waliotangulia kuandaa mahali.

Lakini daftari lilikuwa na shida. Watu walipovuka waliketi kama walivyokuwa wakikaa kwao, komini kwa komini, wakiwa na viongozi wao wa zamani. Kwa mashirika yaliyolemewa hiyo ilikuwa nafuu kubwa: unampa kiongozi chakula cha watu wake, naye anakigawa. Ni njia ya haraka, na siku za kwanza huenda hapakuwa na nyingine. Tatizo ni kwamba baadhi ya viongozi hao ndio walioongoza mauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bugumesta wa Rusumo, alikaa Benaco kama mkubwa wa watu wa komini yake. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya parokia ya Nyarubuye, ambako watu walikimbilia kanisani kwetu wakidhani pana usalama. Mwaka 2006 rufani ikamfunga maisha. Mtu wa namna hiyo akishika orodha, yeye ndiye anayeamua nani yupo na nani hayupo. Anaweza kuandika watu ambao hawapo ili magunia yazidi, na kufuta waliopo. Anayetaka kurudi nyumbani atanyimwa posho. Shahidi atanyimwa pia, na mjane wa mtu asiyependwa.

Mashirika yalijifunza, kwa gharama. Watu wakahesabiwa upya, posho zikaanza kupelekwa karibu zaidi na kaya yenyewe badala ya kupitia kwa wakubwa. Mwaka 1997 mashirika ya misaada yalianza kuandika pamoja vipimo vya chini vya huduma, vinavyojulikana kwa jina la Sphere, na msukumo mkubwa ulitokana na makosa ya Maziwa Makuu. Vipimo hivyo si siri ya wataalamu: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, nafasi ya kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu.

Kwa nini nakusumbua na hesabu siku ya Jumapili? Kwa sababu kambi inayofuata inaweza kuwa kanisa lako, na watakaolala humo huenda hawatavuka mpaka wowote. Watakuwa Watanzania. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na waliobaki bila nyumba wakahifadhiwa shuleni au kwa ndugu, mpaka Serikali ilipojenga nyumba zaidi ya 100 kule Waret. Sisi wa Kagera tulitikiswa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na wapo waliolala nje kwa wiki nyingi. Mtu aliyehamishwa ndani ya nchi yake hana kadi ya ukimbizi, na hakuna mpaka wa kuonyesha kwamba amevuka. Ana Serikali yake, majirani zake na parokia yake. Marehemu Papa Fransisko aliuandika ujumbe wake wote wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya mwaka 2020 juu ya watu hao, akiwalinganisha na Familia Takatifu ikikimbia usiku, na akasisitiza kwamba kuwasaidia kunaanza na kuwajua. Alimaanisha kuwajua kwa majina na habari zao, maana idadi tayari tunaitaja kila siku.

Kanisa linajua kuwa kambi. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, watu wapatao 10,000 walijaa katika viwanja vya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Eldoret, na marehemu Askofu Cornelius Korir akawa, bila kuomba, msimamizi wa kambi. Alilazimika kufikiria vyoo, maziwa ya watoto, na namna ya kuwazuia vijana wa nje wasiingie na wa ndani wasitoke kwenda kulipiza. Baadaye alitumia miaka kuwakutanisha makabila vijijini. Lakini hata Kenya daftari lilileta machozi. Mei 2008 Serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, kaya zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na nyingine 25,000 kwa waliobomolewa nyumba. Waliokuwa wamekaa makambini walionekana kwa urahisi. Waliokuwa wamekimbilia kwa shangazi au kupanga chumba mjini hawakuonekana, na malalamiko yao yaliendelea kwa miaka. Wakati huohuo walikuwapo waliojiandikisha bila kukimbia chochote.

Juzi nilikuwa Kaniha, wilayani Biharamulo, kwa ajili ya misa ya kigango. Baada ya misa tuliketi chini ya mwembe na wazee wa jumuiya. Nilipotaja somo la Jumapili hii, mzee mmoja alicheka kidogo. "Baba," aliniambia, "sisi nasi tulirukwa." Akaeleza kwamba Desemba 1996, Serikali ilipotangaza pamoja na shirika la wakimbizi kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31, wengi walizikimbia kambi za Ngara wakaingia porini kuja upande wa ndani ya nchi badala ya kwenda Rusumo, kabla askari hawajawageuza. Baadhi walipita kwake usiku. Mkewe aliwapikia mihogo. Asubuhi hawakuwapo, wala sufuria haikuwapo. Miaka iliyofuata magari ya kwenda Ngara yalisafiri kwa msafara na polisi kwa sababu ya majambazi, miti ilikuwa imekatwa kwa kuni, na hakuna mtu aliyekuja na daftari kumuuliza yeye amepoteza nini. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja mvua ya zamani. Lakini alitaka niandike, nami nimeandika.

Kisha wakaniletea kesi ya sasa. Masika haya upepo uliezua nyumba kadhaa za jirani. Familia chache zililala kanisani kigangoni kwa wiki tatu. Jumuiya zilichanga mahindi, sabuni, nguo, na vijana wa VIWAWA wakabeba mabati. Kazi nzuri. Lakini mgawo ulifuata daftari la jumuiya, yaani majina ya wanaohudhuria sala na kutoa tegemeza. Mama mmoja mjane, mpangaji, aliyehamia mwaka jana kufuata vibarua vya mashamba na asiyeandikwa katika jumuiya yoyote, alipata sabuni nusu mche. Watoto wake watatu walilala nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango usiofungika. Hakulalamika kwa kamati. Alimnong'oneza mama wa WAWATA aliyekuwa akifagia, naye ndiye aliyelileta mbele.

Mwenyekiti wa kamati alijitetea vizuri. Alisema daftari ndilo daftari, Baba, tukianza kumwandika kila mtu watakuja hata wasioezuliwa. Ana hoja; Kenya iliona hayo. Nami nilipomsikiliza nilijisikia mwenyewe mwaka 1994, kijana mwenye kalamu, akiamini orodha kwa sababu imeandikwa vizuri.

Sasa turudi kwa Mitume, kwa maana walifanya jambo ambalo nililipita miaka yote. Wangeweza kusema manung'uniko ni dhambi. Wangeweza kuteua tume ya Waebrania waaminifu ichunguze. Badala yake waliuambia umati uchague watu saba, wenye sifa njema na hekima. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi bali aliongoka huko Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Wasomi wa Maandiko hutuonya kwamba Wayahudi wengi wa wakati ule walikuwa na majina ya Kiyunani, kwa hiyo tusidai zaidi ya andiko. Hata hivyo ni vigumu kutoona kilichotendeka: upande uliorukwa ndio uliopewa kugawa. Tena wagawe kwa wote, kwa wajane wao na kwa wajane wa waliowaruka. Mitume hawakubakiza ufunguo wa akiba. Waliwaombea, wakawawekea mikono, wakarudi kwenye sala na Neno.

Mapadre wenzangu mnisamehe, lakini tunapenda kushika vyote viwili. Tunataka kuhubiri, na tunataka mahindi yagawiwe mbele ya nyumba ya paroko ili watu waone. Nimeyafanya hayo. Padre akishika daftari, nani atakuja kumnong'onezea kwamba amerukwa na padre?

Naomba basi, mpendwa msomaji, kabla ya masika mengine, kaeni katika parokia na vigango vyenu mfanye hesabu ambayo haihitaji mfadhili. Chukueni futi kamba. Kanisa la kigango lenye mita 20 kwa 10 lina mita za mraba 200. Gawanya kwa 3.5, linalaza watu 57, si zaidi. Watu 57 wanahitaji lita 855 za maji kwa siku, yaani karibu ndoo 43 za lita 20. Nani atazichota, na kutoka wapi? Wanahitaji vyoo vitatu, na kigango chenu pengine kina kimoja, kisicho na komeo. Ningeanza na komeo. Mama na binti wanaolala ugenini wasiende chooni gizani mahali pasipofungika. Nimeshuhudia kambini jinsi wanawake walivyojizuia kunywa maji jioni ili wasitoke usiku, na hakuna ripoti iliyoliandika hilo kama ugonjwa. Amueni pia wanaume walale wapi na akina mama walale wapi, ibada itafanyikia wapi kanisa likijaa magodoro, na ni siku gani mtakaa na serikali ya kijiji kuuliza watu hawa wataondokaje. Kambi isiyo na siku ya kuulizwa swali hilo huzeeka.

Na juu ya orodha: mwandike kila aliyelala humo, Mkatoliki au la, mwenye kadi ya jumuiya au mpangaji wa juzi, na jina la mama liandikwe kama jina la mwenye kaya pale ambapo yeye ndiye anayepika. Isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kugawa, ili aliyeachwa ajisikie ameachwa wakati bado kikapu kimejaa. Wenyeji waliopokea watu majumbani mwao nao waandikwe. Mzee wa Kaniha alipoteza sufuria moja tu, lakini wapo waliomaliza ghala.

Hofu ya mwenyekiti kwamba watakuja wadanganyifu ni ya kweli, na sina dawa yake kamili. Ninachojua ni kwamba mwaka 1994 waliodanganya kwa wingi hawakuwa wanyonge waliojipenyeza mwishoni mwa foleni. Udanganyifu mkubwa ulikuwa kwenye karatasi safi zilizoletwa mezani kwangu. Afadhali kigango kipoteze debe la mahindi kwa mtu asiyestahili kuliko mtu aokote punje mchangani mbele ya frateri.

Pale chini ya mwembe hatukumaliza bila uamuzi. Kamati ilikubali, baada ya ubishi wa saa nzima, kuchagua watu wapya wa kugawa, na akina mama wakampendekeza yule mjane mpangaji awe mwandishi. Mwenyekiti aliuliza kama anajua kusoma. Alijibu mwenyewe, kwa mara ya kwanza siku ile, kwamba alifika darasa la saba na mwandiko wake si mbaya, ila kwa sasa haoni vizuri karibu. Daftari jipya liko kwake tangu Jumatatu. Nimeahidi kumpelekea miwani nitakaposhuka mjini Biharamulo wiki hii.